Mtambo wa Sataranji na Elimu Isiyofichwa

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa na kushika njia ya kaskazini, huchukui muda mrefu kufika Ziwa la Ng'ombe. Ni mtaa wa nyumba zilizokaribiana, jirani ya Kongowea na Bombolulu, wenye watu wengi waamkao alfajiri kwenda kutafuta riziki zao. Jina lake lataja maji na mifugo, lakini mgeni afikaye leo huona zaidi maduka, vibanda, bodaboda na watoto waendao shule. Katika mitaa ya namna hii pwani nzima, jua lipunguapo ukali, wazee huketi barazani na bao kati yao, na vijana husimama nyuma wakitazama kete zinavyotembea.

Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Ni kama kwamba michezo hii miwili ilikutana njiani, kila mmoja ukakopa hesabu ya mwenziwe ukaigeuza. Insha hii yahusu mchezo huu wa pili, na mtambo uliofundishwa kuucheza hata ukawashinda binadamu wote. Mtambo huo waweza kukaa ndani ya simu ya mwanafunzi wa Ziwa la Ng'ombe bila ya yeye kulipa hata senti moja, na maandishi yote yaliyouunda yako wazi kwa kila apendaye kuyasoma. Nataka tufikiri pamoja, msomaji: ilikuwaje chombo chenye nguvu namna hiyo kikawa mali ya watu wote? Na mtu aliyepewa mali ya namna hiyo, yampasa aifanyie nini?

Sataranji ilizaliwa Bara Hindi, yapata karne ya 6. Wahindi waliiita chaturanga, yaani viungo vinne, kwa kuwa jeshi la siku zile lilikuwa na sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Kutoka huko mchezo uliingia Uajemi. Na Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7, waliupokea wakauita shatranji. Neno letu sataranji ni mtoto wa neno hilo. Mfalme wa mchezo aliitwa shah kwa Kiajemi, nasi twamwita shaha. Na katika Kiswahili neno hilo lilipanda cheo zaidi, hata mshairi mkuu akaitwa shaha wa malenga. Bahari iliyoleta nguo, tende na vyombo vya udongo katika bandari zetu ilileta pia maneno na michezo.

Katika karne ya 10 aliishi Baghdad mtu mmoja jina lake as-Suli, aliyekuwa bingwa wa sataranji katika baraza la makhalifa. Alitunga mafumbo ya mchezo, na moja la mafumbo hayo liliwashinda watu kwa muda wa karibu miaka 1,000, mpaka Yuri Averbakh wa Urusi alipolifumbua katika karne ya 20. Angalia sababu iliyowezesha jambo hilo. As-Suli hakuwa hodari wa kucheza tu, aliandika aliyoyajua. Mkono wake ulipokufa, kitabu chake kiliendelea kucheza, kikashindana na watu ambao babu za babu zao walikuwa hawajazaliwa.

Sasa tuvuke tufike Ulaya, mwaka 1770. Katika mji wa Vienna mtu aitwaye Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia wa nchi yake mashine ya ajabu. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao, na juu yake sanamu ya mtu aliyevikwa kilemba kama Mturuki, na mbele ya sanamu ubao wa sataranji. Von Kempelen alifungua milango ya sanduku ili watazamaji waone magurudumu yaliyomo, akaifunga tena, akazungusha ufunguo. Na tazama, sanamu likanyosha mkono na kucheza, likawashinda wengi waliothubutu kushindana nalo. Lilicheza na Benjamin Franklin wa Marekani, na mwaka 1809 likacheza na Napoleon mwenyewe. Watu wakabishana miaka mingi: je, chuma chaweza kufikiri?

Chuma hakikufikiri lolote. Ndani ya sanduku alijibana mtu hai, mchezaji hodari, aliyesogea huku na huko kila mlango ulipofunguliwa ili asionekane. Siri hiyo ilifichwa kwa miaka mingi, na sanduku lenyewe likaja kuungua moto huko Philadelphia mwaka 1854. Walioliangalia hawakujifunza cho chote kutokana nalo ila kustaajabu. Hiyo ndiyo tabia ya sanduku lililofungwa: humpa mtazamaji mshangao, lakini humnyima elimu.

Mashine ya kweli ya kwanza ilikuwa ndogo na ya kiasi. Mwaka 1912 Leonardo Torres y Quevedo, mhandisi wa Hispania, aliunda mashine ya umeme iliyojua jambo moja tu: kumfungia mfalme wa mpinzani kwa kutumia mfalme wake na ngome moja. Haikujua mchezo mzima, lakini ndani yake hapakuwa na mtu. Iliongozwa na kanuni, na kanuni ni kitu kiwezacho kuelezwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazo hilo lilikua haraka. Claude Shannon wa Marekani alichapisha makala mwaka 1950 akieleza jinsi kompyuta iwezavyo kucheza sataranji. Huko Uingereza Alan Turing alikuwa amekwisha kutunga kanuni zake pamoja na rafiki yake David Champernowne. Kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya kuzifuata, Turing mwenyewe alijifanya kompyuta: mwaka 1952 aliketi na karatasi, akacheza na Alick Glennie kwa kufuata maagizo yake neno kwa neno, bila ya kutumia akili yake. Kila hatua ilimchukua yapata nusu saa. Alishindwa mchezo, lakini alithibitisha kwamba uamuzi waweza kuandikwa kama maagizo, kama vile upishi wa pilau uwezavyo kuandikwa, na mtu mwingine akaufuata.

Maagizo hayo ni ya namna gani? Hapa yafaa twende polepole, maana asiyeelewa sehemu hii hataelewa mitambo ya leo.

Jambo la kwanza ni kutazama mbele. Mchezo uanzapo, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 awezazo kuchagua, na mwenziwe ana majibu 20. Basi baada ya kila mmoja kucheza mara moja, michezo iwezekanayo ni 400. Nyeupe akicheza tena, yafika 8,902; na Nyeusi akijibu, 197,281. Ni kama mti: shina moja hutoa matawi 20, kila tawi hutoa vitawi, na kila kitawi majani. Shannon alikadiria kwamba mti mzima wa sataranji una njia nyingi kuliko tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 120. Hakuna kompyuta duniani iwezayo kuumaliza. Lazima isimame mahali fulani.

Jambo la pili, basi, ni kupima. Mtambo usimamapo katika jani la mti, yapasa useme ni nani aliye na hali njema. Kipimo chepesi kilichotajwa na Shannon ni hesabu ya kete: askari huhesabiwa 1, farasi na askofu 3, ngome 5 na malkia 9. Kisha huongezwa mambo mengine: mfalme yu salama? Kete zina nafasi ya kutembea? Askari wamekaa vizuri au wamepandana?

Jambo la tatu ni kumheshimu adui. Mchezaji mjinga hutazama hatua nzuri na kutumaini kwamba mwenziwe hataona jibu. Mtambo hautumaini. Hudhani daima kwamba mpinzani atachagua jibu baya kuliko yote kwake, na hivyo huchagua njia ambayo hata jibu hilo baya halitamwangamiza. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na John von Neumann mwaka 1928.

Jambo la nne ndilo lililoifanya kazi yote iwezekane, nalo ni kujua nini kisichohitaji kutazamwa. Chukua mfano wa soko la Kongowea. Mama amekutuma tenga moja la nyanya. Muuzaji wa kwanza ana matenga matatu, na desturi yake ni kumpa mnunuzi lile lililo baya kuliko mengine. Unayachungulia yote matatu, unaona kwamba baya lao lina nyanya 10 mbovu. Unakwenda kwa muuzaji wa pili, mwenye matenga 30 na desturi ileile. Unafungua tenga la kwanza, unakuta nyanya 15 mbovu. Je, kuna haja ya kufungua matenga 29 yaliyobaki? Hapana. Umekwisha kujua kwamba muuzaji huyu aweza kukupa tenga lenye mbovu 15 au baya zaidi. Kwa vyo vyote hawezi kukufaa kuliko wa kwanza. Unamwacha na matenga yake, unakwenda zako.

Wauzaji ni hatua zako. Matenga ni majibu ya mpinzani. Mrusi Alexander Brudno alichapisha kanuni hii mwaka 1963, na mwaka 1975 Wamarekani Donald Knuth na Ronald Moore wakaichambua kwa hisabati. Faida yake ni kubwa mno. Ikiwa hatua nzuri zatazamwa kwanza, mahali palipohitaji kupima majani milioni moja patahitaji kupima kama 2,000 tu. Utaona, msomaji, kwamba sehemu kubwa ya akili ni kujua kipi cha kuacha.

Kwa kanuni hizo na kwa kompyuta zilizozidi kuwa na mbio, mitambo iliendelea mpaka ikamfikia bingwa wa dunia. Mwaka 1996 mtambo Deep Blue wa kampuni ya IBM ulishindana na Garry Kasparov, naye Kasparov akashinda kwa alama 4 kwa 2. Mwaka uliofuata, Mei 1997, huko New York, mtambo uliofanyiwa marekebisho ulimshinda kwa alama 3.5 kwa 2.5. Uliweza kupima nafasi milioni 200 kwa sekunde moja. Kasparov aliomba marudiano, hakuyapata. Mtambo ulistaafishwa, na sehemu zake zikapelekwa katika majumba ya makumbusho. Ulikuwa mtambo wa kweli, tofauti na sanduku la von Kempelen. Lakini ulikuwa wa wenyewe. Mwanafunzi wa Mombasa aliyesikia habari zake mwaka ule hakuweza kuugusa, wala kuusoma, wala kuuliza kwa nini ulicheza hivi na si vile.

Lakini palikuwa na watu wengine wenye nia nyingine. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuwapa wengine. Mwaka 1989 alitoa leseni iliyoilinda ruhusa hiyo. Programu za namna hii twaziita programu huria. Leseni yake yafanana na sharti la kisima cha mtaa: kila mtu aruhusiwa kuteka maji, na aruhusiwa kukichimba zaidi, lakini aliyekichimba zaidi hana haki ya kukizungushia ukuta na kuwauzia wenziwe mlango.

Katika sataranji kisima hicho kilichimbwa na watu wengi. Mfaransa Fabien Letouzey aliandika mtambo uitwao Fruit, na mwaka 2005 maandishi yake yaliyokuwa wazi yaliwafundisha wengi kwa usafi wake. Huko Norway, Tord Romstad aliandika mtambo wake uitwao Glaurung, akauacha wazi. Mwaka 2008 Mwitalia Marco Costalba aliyachukua maandishi ya Glaurung, akayatengeneza, akaupa mtambo mpya jina la Stockfish. Joona Kiiski wa Ufini akaungana nao. Stockfish ni samaki mkavu wa Norway, na Waitalia humpenda sana katika mapishi yao. Sisi watu wa pwani tungemwita ng'onda. Jina lilikuwa mzaha wenye maana: samaki amekaushwa Norway, akapikwa Italia.

Baadaye wapishi walizidi. Mwaka 2013 Gary Linscott alianzisha mpango ambao watu wa nchi mbalimbali hukopesha nguvu za kompyuta zao ili kujaribu kila badiliko linalopendekezwa. Mtu asemaye, "Nimepata wazo la kuuboresha mtambo," haambiwi kwamba ni mdogo, wala haulizwi amesoma wapi. Wazo lake huchezeshwa maelfu ya michezo dhidi ya mtambo wa zamani. Likishinda, hupokewa, likishindwa, huachwa. Mizani hiyo haina jamaa wala rafiki.

Kwa njia hiyo mtambo uliofanywa na watu waliojitolea ukawa miongoni mwa mitambo yenye nguvu kuliko yote duniani. Kisha, Desemba 2017, ukapata pigo. Kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza mtambo uitwao AlphaZero, ambao haukufundishwa na mtu vipimo vya sataranji. Uliambiwa sheria za mchezo tu, ukacheza na nafsi yake mara nyingi mno, ukajitungia vipimo vyake kwa kutumia mtandao wa hesabu ulioigizwa mishipa ya ubongo. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ulishinda 28, wakatoka sare 72, haukushindwa hata mmoja. Maandishi ya AlphaZero hayakutolewa wazi.

Wale waliojitolea walifanya nini? Walisoma makala, wakaanza kazi. Mwaka 2018 waliunda mtambo huria uitwao Leela, wenye kufuata njia ya AlphaZero. Mwaka uohuo huko Japani, Yu Nasu alibuni mtandao mdogo wa hesabu kwa ajili ya shogi, ambayo ni sataranji ya Kijapani; ulikuwa mwepesi hata ukaweza kwenda mbio katika kompyuta ya kawaida. Mwaka 2020 mtandao huo ulitiwa ndani ya Stockfish, na nguvu zake zikaruka juu. Baadaye Stockfish ulifundishwa hata kwa michezo iliyotoka kwa Leela, ingawa mitambo hii miwili ni wapinzani katika mashindano. Wapinzani barazani, ndugu kisimani.

Usidhani kwamba uhuria huu haukupata maadui. Mwaka 2021 wenye Stockfish waliishitaki kampuni moja ya Ujerumani, wakisema kwamba imeuza programu zenye maandishi yao pasipo kuwapa wanunuzi haki zilizomo katika leseni. Kesi ilimalizika kwa mapatano Novemba 2022, na kampuni ikakubali kutouza programu zenye maandishi hayo kwa muda wa mwaka mmoja. Hapa pana fundisho kwa wale wadhanio kwamba kitu kisicho na bei hakina sheria. Kisima cha mtaa nacho kina walinzi wake.

Na Ziwa la Ng'ombe laingiaje katika habari hizi? Mwaka 2009 waya wa mawasiliano uitwao TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, mpaka Mombasa. Na mwaka uohuo waya mwingine, SEACOM, ukafika pia. Fikiri juu ya njia hiyo. Ni bahari ileile ya majahazi ya kaskazi na kusi, iliyoleta neno sataranji karne nyingi zilizopita. Safari hii ilileta mtambo wenyewe, nao hukaa ndani ya faili dogo kuliko sinema moja.

Ukitaka kuusimika, jua kwanza kwamba Stockfish hauna ubao wala kete. Ni akili isiyo na uso. Basi chukua mtambo wenyewe kutoka katika tovuti yake rasmi, na uchague faili lifaalo aina ya kompyuta uliyo nayo. Pili, tafuta programu ya ubao, nazo ziko nyingi za bure, kwa kompyuta na kwa simu. Tatu, ionyeshe programu ya ubao mahali lilipo faili la mtambo. Hizo mbili zitaanza kusemezana kwa lugha iliyotungwa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen. Ubao huueleza mtambo kete zilivyokaa, na hatua huandikwa kwa kutaja mraba wa kutoka na wa kwendea. Kwa mfano e2e4 ni askari aliyeruka hatua mbili mbele ya mfalme. Mtambo hufikiri, kisha hurudisha mambo matatu: umeona mbele kiasi gani, nafasi ina alama ngapi, na ni mfuatano gani wa hatua unaouona bora.

Utaulizwa pia umpe mtambo kumbukumbu kiasi gani. Sababu yake ni hii: kama vile mtu awezavyo kufika Ziwa la Ng'ombe kwa kupitia Kongowea au Bombolulu, nafasi moja ya sataranji yaweza kufikiwa kwa njia nyingi. Mtambo ukiikumbuka nafasi uliyokwisha ipima, hauna haja ya kuipima tena. Lakini usiupe kumbukumbu yote ya kompyuta yako, maana kazi nyingine zitakwama.

Tahadhari na alama. Alama +1 ilikuwa ikifasiriwa kama faida ya askari mmoja. Tangu toleo la 15.1, la Desemba 2022, watengenezaji waliipima upya, hata +1 ikawa na maana kwamba mtambo ukicheza na nafsi yake kutoka nafasi hiyo, una bahati ya nusu kwa nusu ya kushinda. Kwa hiyo alama si hukumu ya mbinguni, ni kadirio. Lijaribu mwenyewe. Weka nafasi moja, uuambie mtambo utazame kina cha hatua 1 tu, kisha 10, kisha 20. Utaona mara nyingine ukisifu hatua, kisha ukaikana, kama mtu aliyesema kabla ya kufikiri. Nawe ukiwa na subira zaidi, fungua maandishi yake, yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C++, utafute mahali penye kanuni ya matenga ya Kongowea. Ipo humo. Hakuna mtu aliyejificha ndani ya sanduku.

Hata hivyo mtambo huu waweza kumharibu mtu. Yule auulizaye kila hatua wakati wa mchezo hachezi. Amekuwa mkono wa sanamu la von Kempelen, ila sasa mambo yamegeuka: mashine ndiyo iliyojificha, na mtu ndiye sanamu. Mabingwa hucheza kwanza, hushindwa, huandika waliyofikiri, ndipo huuliza. Mkumbuke Phiona Mutesi wa Katwe, mjini Kampala, aliyeanza kufundishwa na Robert Katende akiwa mtoto maskini, akaiwakilisha Uganda katika mashindano makuu ya dunia mwaka 2010, na huko Istanbul mwaka 2012 akapata daraja la heshima. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtu, na shule yake ilikuwa ubao na kushindwa mara nyingi.

Limebaki deni moja, nalo ni letu. Mwaka 2002, huko Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliipima kwa kompyuta awari, ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi, nafasi zake zote 889,063,398,406, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mwaka uohuo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, nao wa Uholanzi, walitoa makala juu ya kuufundisha mtambo kucheza bao. Kabla yao Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, akachapisha utafiti wake mwaka 1995. Kazi zao ni za kushukuriwa. Lakini angalia: waliojua walikuwa wazee wetu, na walioandika walikuwa wageni.

Bao si mchezo mwepesi kwa mtambo. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 pembeni yake, na 22 mkononi. Kwanza hunamua, kisha huingia mtaji. Na hatua moja yaweza kuuzunguka ubao mara nyingi kabla ya kulala. Mzee aliyeketi barazani huiona hatua hiyo yote kichwani kabla hajagusa kete. Huionaje? Ni nini anachokiacha bila ya kukitazama? Hupimaje thamani ya nyumba iliyojaa, na ni lini huona kwamba yafaa kuivunja? Majibu ya maswali hayo ndiyo elimu ya namna ileile aliyoiandika as-Suli kule Baghdad.

Nenda basi, msomaji, ukamwamkie mzee huyo. Keti pembeni kwa adabu mpaka mchezo umalizike, kisha umwombe ruhusa. Mchezo unaofuata uwe na daftari. Andika kete ilianzia shimo gani, ikazunguka vipi, ikala nini, ikalala wapi. Na mwisho umwulize kwa nini. Ukurasa wako wa kwanza utakuwa na makosa mengi. Hata mtambo wa karatasi wa Turing ulishindwa.